Ufugaji wa tilapia: kwa nini samaki zetu zinabaki ndogo?

Somo kwa koperative zinazofuga samaki katika mabwawa ya kuchimba



Katika vikao vyetu pamoja nanyi kuko ulizo moja ambalo linarudi kila mara: «Tulichimba bwawa, tukatia mbegu, tukangoja mwaka muzima. Samaki ziko mingi, lakini zote ni bidogodogo kama kidole. Shida ni nini?» Wengine wanasema mbegu ilikuwa mbaya. Wengine wanasema maji ni baridi. Wengine hata wanafikiri kuko mtu aliyeroga bwawa. Na mara nyingi, koperative inapofikia hapo, iko karibu kuacha kazi: wanamemba hawaji tena kwa salongo, nyasi zinaota kwenye kingo, na pesa ya umoja iliyonunua mbegu haijarudi.

Somo hili linajibu ulizo lile. Jibu lenyewe ni fupi: bwawa linabeba kilo, halihesabu vichwa. Lakini kulielewa vizuri na kulifuata kunaomba kazi, na kunaomba wanamemba wakubaliane juu ya jambo moja ambalo wengi wanaliogopa, ni kusema kumaliza maji ya bwawa lote. Tusome pole pole, na mwisho kuko maulizo ya kuzungumzia katika kikundi.

1. Mabwawa ya wazee wetu

Ufugaji wa samaki si jambo jipya katika inchi yetu. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, kisha vita ya pili ya dunia, watu walisukumwa kuchimba mabwawa karibu kila mahali. Kulikuwa hata kituo cha uchunguzi wa ufugaji wa samaki pale Kipopo, karibu na Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Mwisho wa miaka ya 1950, inchi ilikuwa na mabwawa zaidi ya 100,000. Tafuteni wazee katika kijiji chenu: mara nyingi watawaonyesha shimo kando ya mto ambalo zamani lilikuwa bwawa.

Lakini kisha uhuru wa 1960, mengi ya mabwawa yale yaliachwa. Sababu zilikuwa mbalimbali. Watu wengi walichimba kwa kulazimishwa, kwa hiyo bwawa halikuwa lao rohoni. Vita na fujo ziliwakimbiza wengine. Lakini sababu moja ilikuwa ndani ya maji yenyewe: samaki zilijaa, zikabaki ndogo, na mtu akaona kwamba anafanya kazi ya bule. Kwanzia miaka ya 1970, vijana wa Peace Corps kutoka Marekani walifanya kazi na wakulima katika Bandundu na Kasai kwa kurudisha ufugaji ule. Mambo waliyofundisha yalikuwa ya kawaida: kutia mboji ndani ya maji, kutia mbegu kwa hesabu, na kumaliza bwawa lote kila kisha miezi sita hivi. Mambo hayo hayo ndiyo tunayarudilia leo, kwa sababu tilapia haijabadilika.

2. Bwawa linabeba kilo, halihesabu vichwa

Tuchukue mfano wa malisho ya ngombe. Shamba la nyasi linaweza kulisha ngombe tano zikanenepa. Ukiweka ngombe hamsini mahali pale pale, hautapata nyama mara kumi. Utapata ngombe hamsini zenye mbavu inje, na nyasi zitakwisha. Kila mfugaji anajua hivyo. Lakini kwa sababu ndani ya maji hatuoni, tunasahau.

Sasa tufanye hesabu ya samaki. Tuseme bwawa lenu lina metre 10 kwa 20, ni kusema metre kare 200, na chakula kilichomo kinaweza kubeba kilo 30 za samaki.

- Kama ndani kuko samaki 300, kila moja inaweza kufika gramu 100. Hiyo inauzika, na inatosha kwa sahani ya mtu.
- Kama ndani kuko samaki 1,000, kila moja itafika gramu 30.
- Kama ndani kuko samaki 3,000, kila moja itafika gramu 10. Hiyo ndiyo «kidole» ambacho mnalalamikia.

Angalieni vizuri: katika mifano yote mitatu, kilo ni zile zile 30. Bwawa limefanya kazi yake. Lakini kwa soko, kilo 30 za samaki kubwa na kilo 30 za vidole haziko bei moja, na mara nyingi zile za vidole hakuna anayezitaka. Kwa hiyo mtu akisema «bwawa letu halizai», tumuulize kwanza: ndani kuko samaki ngapi? Kama hajui, ugonjwa wa bwawa umeisha kujulikana.

3. Samaki 3,000 zinatoka wapi?

Hapa wanamemba wengi wanatujibu: «Sisi tulitia 400 tu.» Ni kweli. Lakini tilapia inazaa mbio sana. Ikiwa maji ni ya moto vizuri, jike linaanza kuzaa likiwa na miezi mitatu hivi, hata kabla ya kufika gramu 50. Dume linachimba kiota kama sahani kwenye matope. Jike linatoa mamia ya mayai, kisha linayabeba kinywani pamoja na watoto kwa muda wa karibu wiki mbili. Wakati ule jike halikuli kitu. Kisha mwezi mmoja ao mwezi na nusu linaweza kuzaa tena.

Kutokana na hiyo tunaelewa mambo mawili. La kwanza: madume yanakua upesi kuliko majike, kwa sababu jike linatumia nguvu yake kwa mayai na siku nyingi halikuli. La pili: mtu aliyetia samaki 400 katika mwezi wa kwanza, mwezi wa nane iko na maelfu, hata kama hakuongeza hata moja. Wageni wale wote wanakula chakula cha zile 400.

Tena tilapia iko na tabia nyingine: ikikosa chakula na nafasi, haingoji kuwa kubwa ili izae. Inazaa ikiwa ndogo vile vile. Kwa hiyo samaki yenye gramu 15 ndani ya bwawa la zamani inaweza kuwa mama, hata bibi. Kwa macho ni mtoto, kwa miaka ni muzee.

4. Mbegu: tujue tunanunua nini

Hapa ndipo koperative nyingi zinapoteza pesa yao. Mtu anakuja na ndoo ya samaki ndogo, anasema «mbegu hii», bei ni ya chini, na tunanunua. Kumbe ametoa katika bwawa lake lililojaa, na zile ndogo ni wazee waliodumaa. Mkizitia kwenu, zitaongezeka kidogo, halafu zitaanza kuzaa mara moja, mwezi ule ule. Hasara iko imeingia kabla ya kazi kuanza.

Kabla ya kulipa, angalieni alama hizi:

- Muulizeni muuzaji mbegu inatoka wapi na ina siku ngapi. Mbegu nzuri ina umri unaojulikana na samaki zote ni za ukubwa karibu moja, gramu 5 mpaka 10.
- Chukua samaki chache, fungua kinywa. Ukikuta mayai ao vitoto kinywani mwa samaki ndogo, ile si mbegu, ni mama. Acha.
- Samaki iliyodumaa mara nyingi iko na kichwa kikubwa na mwili mwembamba. Mtoto mzuri iko na mwili uliojaa na anakimbia mbio ukigusa maji.

Koperative yenye mabwawa matatu ao zaidi inaweza kujitengenezea mbegu. Siku ya mavuno, chagueni samaki kubwa kabisa, zile zilizokua upesi kuliko zingine, wala msichague zilizobaki. Wekeni katika bwawa ndogo lililokaushwa, dume moja kwa majike matatu. Kisha mwezi mmoja hivi mtaona vitoto vinatembea kwa makundi kandokando. Vitoeni kwa nyavu ya matundu madogo, vya ukubwa mmoja pamoja, na kuvilea kando mpaka vifike gramu 5. Bwawa moja la mbegu linaweza kutosha kwa mabwawa mengi ya kunenepesha.

Kwa kutia mbegu, kipimo ni samaki 2 kwa kila metre kare. Bwawa la metre kare 200 linaomba samaki 400. Zingine zitakufa ao kuliwa na ndege, vyura, fisi maji na nyoka, na mtabaki na 300 hivi. Msiongeze «kwa usalama». Kuongeza ni kurudi kwa shida ya kwanza.

Safirisheni mbegu asubuhi mapema ao jioni, katika bidoni isiyojaa sana, yenye nafasi ya hewa. Mkifika, wekeni bidoni ndani ya bwawa kwa dakika 15 ao 20 ili maji ya ndani na ya inje yalingane kwa baridi, kisha inamisheni pole pole, samaki zitoke zenyewe. Kumwaga kwa haraka kunaua samaki siku ile ao kesho yake.

5. Tunalisha maji kwanza, kisha samaki

Tilapia inakula vitu vidogo sana vinavyoota ndani ya maji na kuyafanya kuwa ya kijani. Maji ya kijani ni shamba. Maji safi kama ya kunywa ni shamba tupu. Mtu anayejivuna kwamba anaona matope chini ya bwawa lake, samaki zake zinalala na njaa.

Njia ya bei nafuu ni mboji ndani ya bwawa. Katika pembe mbili, pandeni vijiti ao mianzi kama lupango, ili kufunga sehemu moja ya kumi ya bwawa. Kwa metre kare 200, ni metre kare 20, ni kusema 10 kila pembe. Jazeni humo majani mabichi, nyasi, maganda ya mihogo na ya ndizi, mavi ya mbuzi, ngombe, nguruwe ao kuku, na majivu kidogo. Majani magumu kama ya mikaratusi muyaache, hayaozi upesi. Kila wiki mtu mmoja aingie, akanyage na kugeuza mboji, kisha kuongeza mpya. Fanyeni hivi wiki mbili mbele ya kutia mbegu, ili samaki zikute chakula mezani.

Kujua kama maji ni tayari hakuombi mashini. Ingiza mkono wako ndani ya maji, vidole vikiwa vimekunjwa, na uangalie:

- Kama vidole vinapotea wakati maji yanafika kwenye kiwiko, ni vizuri. Endelea hivyo.
- Kama maji yanafika kwapani na ungali unaona vidole, maji ni maskini. Ongeza mboji na mavi.
- Kama vidole vinapotea kabla ya maji kupita kifundo cha mkono, maji yameshiba kupita kiasi. Acha kutia kitu, ongeza maji mapya.

Kuko kosa moja ambalo linaharibu kazi hii yote: kuacha maji yapite siku zote, yakiingia huku na kutoka kule. Watu wanafikiri maji yanayotembea ni mazuri kwa samaki. Katika bwawa la mboji, maji yanayotoka yanabeba chakula, na yanayoingia ni baridi na matupu. Fungeni mulango wa maji. Muufungue tu kwa kurudisha yale yaliyopotea kwa jua na kwa kupenya udongoni, ao wakati wa hatari tutakayoeleza chini. Kwenye mulango wekeni kichujio, ili samaki za mto zisiingie.

Kwa ndugu walio milimani, baridi ni jambo la kweli. Maji yakishuka chini ya digrii 20, tilapia inakula kidogo sana. Inapenda digrii 25 mpaka 30. Ndiyo maana katika bonde la Ruzizi samaki inaweza kuwa tayari kisha miezi sita, lakini pande za juu, kama kandokando ya Bukavu kwenye metre 1,500, hesabuni miezi minane ao hata kumi. Huko juu, kufunga mulango wa maji kuna faida mara mbili: kunalinda chakula na kunaacha jua lipashe maji moto. Tena msipande miti inayotupa kivuli juu ya bwawa.

6. Chakula cha mkono

Maji ya kijani yakiwa tayari, chakula cha mkono kinaongeza kilo ambazo bwawa linaweza kubeba. Msinunue kitu cha bei kali. Tumieni vilivyoko: pumba la mchele na la mahindi, machicha ya pombe, mchwa, majani ya mihogo yaliyonyauka, viazi vitamu vya kupika. Majani ya mihogo mabichi yana sumu. Yakateni na kuyaacha yanyauke kwanza.

Lisheni mara mbili kwa siku, saa ine za asubuhi na saa tisa za kisha midi, wakati maji yana joto. Tupeni chakula mahali pale pale, kila siku. Samaki zitazoea na kuja mbio, na mtaona kama ziko na afya. Kama kesho chakula cha jana kingali kinaelea, punguzeni.

Kwa kipimo, kila mwezi kamateni samaki 30, mzipime pamoja ndani ya ndoo, mkitoa uzito wa ndoo na maji. Kama zote 30 zina kilo 1 na nusu, kila moja ni gramu 50. Kama mnafikiri samaki ziko 300, bwawa lina kilo 15. Chakula kwa siku ni sehemu 3 kwa mia ya uzito ule, ni kusema gramu 450, karibu nusu ya kilo. Kama mwezi unaofuata uzito haukupanda hata kidogo, samaki zimefika mwisho wa nguvu ya bwawa. Kungoja zaidi ni kula chakula bila kuongeza nyama.

7. Hatari ya asubuhi mapema

Mchana, vitu vya kijani ndani ya maji vinatengeneza hewa ambayo samaki inapumua. Usiku havitengenezi, navyo vinatumia hewa ile ile pamoja na samaki na mboji inayooza. Kwa hiyo saa kumi na moja za asubuhi, kabla ya jua, ndipo hewa iko kidogo kabisa. Mkikuta samaki ziko juu ya maji, vinywa wazi, zinapumua kwa shida, wala hazikimbii mnapokaribia, hiyo ni alamu. Siku ile msitie chakula wala mavi. Toeni sehemu ya mboji, fungueni maji mapya yaingie. Hali hii inatokea sana kisha siku mbili tatu za mawingu mazito. Ndiyo maana zamu ya ulinzi isiishie saa tisa za usiku. Mlinzi aangalie bwawa mpaka jua kutoka.

Kwa ajili ya wezi, simikeni vijiti vya mianzi hapa na pale ndani ya bwawa. Nyavu ya mwizi itakwama. Na kwa ajili ya afya yetu, ngoeni nyasi zote ndani ya maji na kwenye kingo. Katika nyasi ndimo konokono za kichocho zinakaa, na mbu wa malaria wanataga mayai. Watoto wasioge wala wasichezee bwawani, na kama bwawa liko karibu na nyumba, lupango ni lazima.

8. Siku ya kumaliza maji

Sasa tumefika kwenye jambo lenye kuogopesha. Kisha miezi sita katika bonde, ao minane na zaidi milimani, lazima bwawa lote liishe maji. Tunajua maneno yanayosemwa kikaoni: «Tutoe kubwa tu kwa nyavu, ndogo zibaki zikue.» Inaonekana kuwa akili. Lakini zile ndogo ndizo maelfu tuliyoeleza. Ukitoa kubwa na kuacha ndogo, umechagua zilizodumaa kuwa wazazi wa mwaka unaokuja. Mwaka wa pili utakuwa mbaya kuliko wa kwanza, na wa tatu watu wataacha.

Fanyeni hivi:

- Siku tatu mbele, julisheni wanunuzi na sokoni. Acheni kulisha siku moja kabla.
- Anzeni kutoa maji usiku, ili saa kumi na mbili za asubuhi yabaki kidogo. Wekeni nyavu ao kitunga kwenye bomba la kutolea.
- Vueni wakati hakuna jua kali. Tenganisheni: za kuuza, za kutengeneza mbegu, na zile ndogo zilizobaki.
- Pimeni na mwandike kabla ya mtu yeyote kubeba hata moja.
- Toeni maji yote. Acheni bwawa likauke wiki moja ao mbili, mpaka matope yapasuke. Vidimbwi vyote vikauke, kwa sababu majike machache yakibaki ndani yanatosha kurudisha shida.
- Matope ya juu yapelekeni kwenye mboga. Ni mbolea nzuri sana kwa lenga-lenga na kabichi. Tengenezeni kingo, tieni majivu ao chokaa chini, kisha mboji, kisha maji.

Zile ndogo si za kutupa. Zikaangwe ao kukaushwa kwa familia za wanamemba. Kwa mtoto, samaki ndogo inayoliwa yote pamoja na mifupa ni chakula chenye nguvu. Zingine zilisheni nguruwe na bata. Lakini msizirudishe bwawani, na msizimwage mtoni wala ziwani, kwa sababu samaki za kufugwa zinaweza kuharibu kizazi cha zile za asili.

Kuko njia mbili zingine za kusaidia, kwa koperative iliyozoea. Ya kwanza ni kufuga madume tu. Samaki ikifika gramu 30 hivi, ilowanishe mkono, igeuze tumbo juu, uangalie nyuma ya tumbo: dume iko na matundu mawili, jike iko na matatu. Majike yanawekwa kando kwa kula. Hata mtu aliyezoea anakosa mara na mara, lakini uzazi unapungua sana. Ya pili ni kutia kambare wachache, moja kwa tilapia 10 mpaka 20, ili wale vitoto. Kambare watiwe wakiwa wadogo kuliko tilapia zilizomo, la sivyo watakula mbegu yenyewe. Njia hizi mbili zinasaidia kazi ya kumaliza maji, haziiondoi.

9. Kaye ya bwawa

Bwawa la koperative linakufa mara nyingi kwa kukosa hesabu kuliko kwa kukosa chakula. Kila bwawa liwe na kaye moja, na ndani kuandikwe: siku ya kutia mbegu na hesabu yake; bei iliyolipwa; nani alileta mboji na siku gani; chakula cha kila siku; uzito wa kila mwezi; samaki zilizokufa; na siku ya mavuno, kilo zote pamoja na pesa iliyoingia. Kaye isomwe kikaoni mbele ya wote, wamama na wababa.

Kabla ya mavuno, kikao kiamue namna ya kugawanya: sehemu gani inalipa mbegu ya mara inayofuata, sehemu gani inaingia kwenye akiba, sehemu gani inaenda kwa wanamemba kufuatana na siku za kazi zilizoandikwa. Jambo hili likiamuliwa siku yenyewe, huku samaki ziko chini na kila mtu ameshika kitunga, litaleta kelele. Na sehemu ya mbegu itolewe kwanza. Koperative iliyokula pesa ya mbegu inabaki na shimo la maji.

Maulizo ya kuzungumzia katika kikundi

1. Ndani ya bwawa letu kuko samaki ngapi leo? Tunajua kwa kuhesabu ao kwa kukisia?
2. Mbegu yetu ya mwisho ilitoka wapi? Ilikuwa na umri gani?
3. Tukiingiza mkono ndani ya maji, vidole vinapotea wapi?
4. Maji ya bwawa letu yanapita siku zote? Nani atafunga mulango, na tangu siku gani?
5. Mara ya mwisho tulimaliza maji yote lini? Kama hatujafanya, nini inatuogopesha, na tutachagua siku gani?
6. Nani anashika kaye, na nani anamsaidia akiwa mgonjwa ao safarini?

Ulizo la tano lisipite bila jibu. Mkitoka kikaoni na tarehe moja iliyoandikwa kwenye kaye, somo hili limefanya kazi yake. Animateri wa eneo lenu anaweza kuja siku ile kuwasaidia kupima na kutenganisha samaki. Mjulisheni wiki mbili mbele.